Hatua Tatu za Kwanza

Ubishi kuhusu kasi ya mchezaji huishia kwenye kipaji: huyu kazaliwa na mbio, yule hana. Lakini nguvu nayo ina sehemu yake. Mwaka 2004 watafiti wa Norway walichapisha vipimo vya wachezaji 17 wa Rosenborg, klabu iliyotwaa ubingwa wa nchi hiyo kila msimu tangu 1992 hadi mwaka huo. Kila mchezaji alibeba chuma mabegani, akachuchumaa hadi goti likakunjika nyuzi 90, kisha akainuka. Wastani wa uzito wa juu kabisa ulikaribia kilo 172. Walipimwa pia mbio na kuruka juu. Wastani wa kuruka ulikuwa sentimita 56.

Walioinua zaidi ndio waliowahi zaidi. Katika mita 10 uwiano ulifika 0.94, ambapo 1 ni uwiano kamili. Kwa kuruka ulikuwa 0.78, na katika mita 30 ukashuka hadi 0.71.

Kushuka huko ndiko kunakonivutia. Mchezaji anapochomoka, goti na nyonga vimekunjwa, na mguu unapata muda wa kuisukuma ardhi, karibu sawa na kuinuka na chuma. Akishakolea, unyayo hugusa chini kwa takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde, na nguvu isiyotoka haraka haimfai kitu. Lakini winga na beki wanaogombea pasi ya kupenyeza humalizana kwenye hatua tatu za kwanza.

Wachezaji wa Rosenborg walikuwa watu wazima. Kwa watoto kipimo hichohicho hupotosha. Chukua wawili wa miaka 14, mmoja kashabalehe, mwenzake bado. Wa kwanza atainua zaidi, atakimbia zaidi, ataruka zaidi, na kocha atasifu miguu yake, ilhali ukuaji ndio uliomletea vyote vitatu kwa mpigo. Yule mdogo huachwa kwenye mchujo kwa kosa la kuchelewa kukua, na hilo linaniuma. Angalau nguvu igawanywe kwa uzito wa mwili: kilo 60 kwa kijana wa kilo 45 ni nyingi kuliko kilo 70 kwa wa kilo 65.

Na kabla ya kumpa kijana chuma, akiruka, mimi hutazama kwanza anavyotua. Magoti yakiingia ndani kama yanataka kugusana, chuma kisubiri. Achuchumae na uzito wake mwenyewe, ashuke taratibu, atue kimya, mpaka magoti yafuate vidole vya miguu bila kukumbushwa.