Wahazili: Kutoka Taipureta hadi Ofisi Mtandao
Uhazili ni kazi ya kuandaa, kutunza na kusambaza maandishi ya ofisi. Nchini Tanzania sifa yake imejengwa kwa kiasi kikubwa na Chuo cha Uhazili Tabora, ambacho sasa ni tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma. Wahazili walifunzwa hati mkato, ambayo mfumo wake maarufu ulichapishwa na Isaac Pitman mwaka 1837, na kupiga taipu kwa vidole vyote kumi bila kutazama herufi. Kosa lililobaki kwenye stensili, karatasi ya kurudufia, lilijirudia katika kila nakala, hivyo umakini ulikuwa sharti la kazi.

Kompyuta imeondoa stensili na karatasi za kaboni. Hati mkato nayo imepungua. Serikalini, barua nyingi na majalada hupita katika mfumo wa Ofisi Mtandao. Mhazili sasa hupanga ratiba, huandaa vikao vya mtandaoni na hulinda taarifa zisivuje. Wanaostahili pongezi za pekee ni walioanzia kwenye taipureta, wakajifunza kompyuta wakiwa kazini, huku barua za ofisi zikiendelea kutoka kwa wakati.