Kula na Kushiba: Juu ya Msemo Mmoja wa Lubumbashi

Kamusi zetu hulieleza neno 'shiba' kuanzia tumboni: kula hadi kutosheka. Maelezo hayo ni sahihi, lakini hayatoshi hata kwa Kiswahili cha pwani, ambako marafiki hushibana, na ambako methali 'shibe mwanamalevya, njaa mwanamalegeza' humhusu mtu mzima na mwenendo wake. Kwa mhakiki wa sanaa za Lubumbashi upungufu huo una madhara zaidi.

Katika Power and Performance (1990), Johannes Fabian anafuatilia msemo alioupata katika mji huo mwaka 1986, uliotamkwa kwa Kifaransa, kwamba mamlaka huliwa mazima. Ulitamkwa mezani juu ya firigisi ya kuku, kipande ambacho hakigawanywi. Aliwauliza waigizaji wa kundi la Mufwankolo maana yake, nao wakamjibu kwa kutunga mchezo. Kazi hiyo ina thamani kubwa, hasa pale inapotuonyesha wasanii wakijadiliana kabla ya kuigiza. Hata hivyo, uzito wa mjadala umeangukia 'kula' na 'mazima'. Sisi twauliza: aliyeimeza firigisi nzima, je, ameshiba?

Swali hili si la mzaha. Kisarufi, kula huelekea kitu. Ndiyo maana mamlaka yaweza kuliwa. Kushiba ni hali ya mwenyewe, na ni nadra kusikia kwamba kitu 'kimeshibwa'. Basi msemo unataja kitendo na kitu chake, ukanyamazia hali ambayo ndiyo ingemfanya mlaji aisukume sahani. Kwa maoni yetu, makali ya msemo yamo katika ukimya huo.

Nao wasikilizaji wa Lubumbashi walikuwa na sababu ya kuusikia. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliwapa wafanyakazi wake posho ya unga wa mahindi kwa kipimo. Kiswahili hutenganisha kulisha na kushibisha: anayelisha ndiye mwenye kipimo, bali kama ameshibisha, hilo hulijua aliyelishwa peke yake. Dibwe dia Mwembu alipokiita kitabu chake cha mwaka 2001 kwa jina la 'Bana Shaba' walioachwa na baba yao, baba huyo alikuwa kampuni. (Shaba ni madini, na lilikuwa pia jina la jimbo tangu 1971 hadi 1997, irabu moja tu yalitenga na shiba.) Kuanzia mwaka 2003 Gécamines, mrithi wa kampuni hiyo, iliagana na wafanyakazi zaidi ya 10,000. Tangu hapo hata kipimo chenyewe hawakuwa nacho.

Fabian ameyachapisha maneno ya waigizaji kwa Kiswahili chao, pamoja na tafsiri. Atakayeyarudia hana budi kuchunguza ni mhusika yupi anayethubutu kusema ameshiba, na mbele ya nani.