Ajira ya Hiari: Hiari ya Nani?

Miongoni mwa istilahi tunazozikuta katika mikataba inayofasiriwa kwa ajili ya ofisi za Posta, hapa Dar es Salaam, imo "ajira ya hiari". Wafasiri huitumia kuelezea ajira ya Kimarekani ambayo mwajiri aweza kuivunja wakati wowote bila kutaja sababu. Sisi twaona kwamba istilahi hii haifai, na madhara yake si ya lugha peke yake.

Hiari ni neno la heshima. Waswahili husema hiari yashinda utumwa. Na kwa karani au mlinzi atiaye sahihi, ajira ya hiari ni kinyume cha kazi ya kulazimishwa. Atadhani amepewa uhuru, kumbe amevuliwa kinga. Ni kweli kwamba naye aweza kuondoka apendapo, lakini hiari ya mwenye kuhitaji mshahara si sawa na hiari ya mwenye kuulipa.

Kosa ni kufasiri neno badala ya sheria. Nchini Marekani, ukiacha jimbo la Montana lililotunga sheria yake mwaka 1987, kanuni ya kawaida ni kwamba mwajiri hadaiwi sababu, mradi asivunje makatazo kama yale ya ubaguzi. Ulaya ni vingine: Ujerumani ina sheria ya kumkinga mfanyakazi asiachishwe kazi ovyo tangu mwaka 1951. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iko upande huo. Kifungu cha 37 chataka sababu halali na utaratibu wa haki. (Wasiotimiza miezi sita kazini hawamo katika kinga hiyo, jambo ambalo mfasiri asilisahau.) Basi aliyeachishwa kazi kwa kisingizio cha "hiari" aweza kukosa kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, akiamini kwamba aliikubali hali hiyo mwenyewe.

Kariakoo hawana utata huo. Kibarua, ambalo asili yake ni kile kijikaratasi cha kazi ya kutwa, halimdanganyi mtu: kazi ya leo haina ahadi ya kesho. Lakini neno hilo halimfai mwenye mshahara wa mwezi. Twapendekeza "ajira isiyo na kinga". Najua, watasema ni ndefu, na baadhi ya waajiri hawataipenda. Hata hivyo, tangu Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, mikataba yenye neno hilo yafaa ifasiriwe upya kabla ya kutiwa sahihi.