Mchezo katika Elimu ya Kujitegemea

Mwalimu Nyerere alipotoa "Elimu ya Kujitegemea" mwezi Machi 1967, alieleza vyema kwamba kabla ya shule za kikoloni mtoto alijifunza kwa kuishi na kutenda. Kijitabu hicho nilikifundisha chuoni miaka mingi, na bado nakiheshimu. Lakini kina upungufu: mtoto humo ni mkulima wa kesho, anaandaliwa kushika jembe, mchezo wake haukupewa uzito.

Hapa Saza, penye machimbo ya dhahabu, watoto nao huchimba viduara vyao, hujaza mchanga makopo, huuziana na kugombania mgawo. Hiyo ni hesabu, ni lugha, ni ubunifu. Mzazi apitapo huwafukuza: "Nendeni mkasome!" Laiti angechutama akauliza, "Makopo sita, watu watatu, kila mmoja apate mangapi?" angekuwa mwalimu bila chaki.

Tangu Januari 2016, serikali ilipoanza elimu bila malipo hadi kidato cha nne, wazazi wengi hudhani kazi yao imekwisha. Ndugu msomaji, kilichofutwa ni ada, si malezi.