Habari za Safari za Bara, na Wanaozisimulia

Wasomaji wetu wa pande za Tunduma na Mto Songwe wanakaa juu ya njia ya zamani. Misafara ya pwani iliyotoka Urori kwenda Ruemba ilipita nyanda hizi za Unyiha na Unyamwanga kabla mpaka haujachorwa. Basi yatupasa kuvisoma vitabu vya wasafiri kwa jicho kali kuliko watu wa mbali.

Cha kwanza ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, kilichotolewa Berlin mwaka 1902 na 1903 kwa mkono wa Heinrich Brode. Kwa lugha, mzee huyu ni mwalimu wetu sote. Hana mapambo, kitenzi chafuata kitenzi kwa -ka-, na msomaji achukuliwa toka kambi hata kambi asichoke. Lakini mwendo huo huo ndio unaoficha. Vita vyake na Nsama wa Itahua, mwaka 1867, amevieleza kwa urefu, na pembe zimehesabiwa kwa frasila. Waliozitwika pembe hizo hawana majina. Asemapo "sisi", twauliza: ni nani waliomo? Wapagazi wa Kizaramo wapata nafasi katika kitabu kwa sababu walitoroka, naye akawakamata na kuwafunga. Twamsifu kwa kuwa hakulificha. Hata hivyo alilisimulia kama mtu asimuliavyo werevu wake. Livingstone, aliyekutana naye mwaka ule ule na kupewa mbuzi, aliandika habari za nchi ile ile kwa moyo mwingine kabisa. Afadhali kusoma viwili hivyo pamoja.

Nako Marekani, tangu miaka ya 1840 hata reli ilipokamilika mwaka 1869, watu waliokwenda Oregon na California kwa magari ya ng'ombe waliandika mambo yao siku kwa siku. Wanawake kadha wa kadha miongoni mwao walihesabu makaburi ya kando ya njia, hasa miaka ya kipindupindu. Kwetu sisi hesabu hiyo yaonyesha gharama ya njia kuliko frasila. Ila hao nao, mara nyingi, wenyeji wa nchi waliwaona kama hatari tu, au kama kioja.

Sasa twaja kwa msafiri asiyetaka safari. Elise Kootz-Kretschmer, wa misheni ya Moravian huko Utengule, aliandika kwa Kijerumani maisha ya mwanamke Sichyajunga, yakatolewa Herrnhut mwaka 1938. Alizaliwa Ubisa, akatekwa angali mtoto. Jina lake la kwanza lilikuwa Chisi, kisha Ndjurisiye, kisha hilo la mwisho: majina matatu kwa maisha ya mtu mmoja. Hapa hatuwezi kuisifu wala kuilaumu lugha yake, maana imepita katika kalamu ya mwingine, na Marcia Wright akaipitisha tena katika Kiingereza. Lakini katika kitabu chake aliyetekwa ndiye asemaye "mimi", na kwa Tippu Tip hatumpati mtu huyo hata mara moja. Mwalimu afundishaye vita vya Nsama peke yake amefundisha nusu.

Neno moja la tahajia. "Ndjurisiye" ni maandishi ya sikio la Kijerumani. Wazee wa Unyiha na Usafwa ndio wa kuulizwa jina hilo latamkwaje, na lina maana gani.