Punje Isiyokuwepo

Mpe mtu pishi ya mchele, mwambie imepungua punje moja, kisha muulize punje hiyo ingekaa wapi. Atakucheka. Peter Abbamonte na wenzake walijitwika kazi ya namna hiyo katika maabara ya Brookhaven, jimbo la New York, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2005.

Mchele wao ulikuwa fuwele ya lanthanamu, shaba na oksijeni, ya ukoo wa supakondakta ambao Bednorz na Müller waliufichua Uswisi mwaka 1986: zikipozwa vya kutosha, hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Humo, atomu moja ya lanthanamu katika kila kumi na sita huondolewa, ikawekwa bariamu, yenye elektroni moja pungufu. Pengo linalobaki huitwa tundu, na matundu ndiyo yanayobeba chaji. Lakini kila tundu limezungukwa na elektroni zipatazo 1,400. Eksirei ya kawaida huziona zote, tundu halionekani.

Ufundi ulikuwa katika kuchagua nishati. Matundu hukaa zaidi kwenye oksijeni. Eksirei ikifikishwa kwenye elektronivolti 529 hivi, elektroni ya ndani kabisa ya oksijeni huruka ikaliziba tundu, kisha hurudi kwake huku ikitoa mwanga. Kwa nishati hiyo, tundu lililokuwa bubu hupata sauti.

Haya husemwa upesi, hayatendwi upesi. Fuwele hukuzwa kwa mwendo wa takribani milimita moja kwa saa. Eksirei laini kama hizi humezwa na hewa, hivyo kila kitu hufungiwa ndani ya chemba iliyofyonzwa hewa, na humo humo fuwele hupozwa na kugeuzwa, pembe baada ya pembe.

Katika mwanga uliotoka kwenye fuwele wakaona kilele kimoja chembamba: matundu yamejipanga mistari, mmoja kila baada ya hatua nne za atomu za shaba. Na ni katika mchanganyiko huu hasa ambapo usupakondakta hukaribia kufa. Je, mistari ndiyo inayounyonga? Swali hilo limezaa utafiti mwingi.

Nami navutiwa zaidi na jinsi walivyojihakikishia. Walisogeza nishati kidogo tu, na kilele kikazimika. Kama kingebaki, wangejua wamehesabu mchele.