Sikio la mpima mionzi

Mpima mionzi haanzii kazi mgodini. Akifika Shinkolobwe, mgodi wa zamani wa urani nchini Kongo, kilomita kama 20 kutoka mji wa Likasi, husimama kwanza mbali na vifusi, penye udongo wa kawaida, akawasha kipimo cha Geiger. Kinalia: tak. Kimya. Tak-tak. Kimya tena. Hivyo ndivyo inavyolia ardhi yoyote, hata ya uani kwako. Anaihesabu milio hiyo na kuiandika daftarini, maana bila hesabu hiyo namba zitakazofuata hazitakuwa na cha kulinganishwa nacho.

Ndani ya kipimo mna bomba dogo la gesi, na katikati yake waya mwembamba wenye umeme wa volti mia kadhaa. Mionzi ikipenya, inachokoza gesi, umeme unaruka, spika inalia.

Sasa anaingia kwenye vifusi. Bomba amelishika kimo cha kiuno, mita moja juu ya ardhi, naye anakwenda na kurudi kwa mistari iliyonyooka, kama mkulima anayepanda mahindi kwa kamba. Macho yake yako miguuni, na ana sababu. Mashimo ya Wabelgiji yalizibwa kwa zege, lakini wachimbaji wadogo walichimba mengine wakitafuta kobalti. Januari 2004 amri ya rais ikaufunga mgodi, na Julai mwaka huohuo ardhi ikaporomoka, ikaua watu wanane. Kwa hiyo kutafuta ni kazi ya sikio. Milio ikianza kusongamana, anapunguza mwendo, anarudi hatua mbili, anasikiliza upya.

Hata hivyo sikio humwambia tu pa kusimama. Namba inataka subira. Milio huja bila mpangilio, hivyo aliyehesabu 100 anaweza kukosea kwa asilimia 10 hivi. Akitaka kosa lishuke hadi asilimia 5, sharti afikishe 400, yaani asimame palepale muda mara nne. Ajabu yake ni kwamba penye mionzi michache, ambapo mwingine angepita mbio, ndipo yeye hukawia zaidi juani. Na milio ikikatika ghafla mahali palipokuwa pakivuma, hafurahi: bomba likizidiwa huweza kunyamaza. Anarudi nyuma taratibu mpaka lianze kulia tena.

Kila nukta aliyoipima huandikwa pamoja na mahali ilipo, kwa GPS. Mwaka 2011, baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima, Japani, watu wa kujitolea walioanzisha mradi wa Safecast walitengeneza vifaa vinavyorekodi vyenyewe kila sekunde 5, na vipimo vyao vikawa ramani iliyo wazi kwa kila mtu mtandaoni. Japani hiyohiyo, ambayo Hiroshima yake iliangukiwa mwaka 1945 na bomu la urani. Na sehemu kubwa ya urani ya mradi wa Wamarekani uliotengeneza bomu hilo ilitoka Shinkolobwe.

Ramani kama hizo zinaweza kupewa sauti: unagusa nukta, unasikia milio kwa kasi iliyopimwa pale. Wapo wanaozigeuza namba kuwa muziki. Mimi naona heri mlio ubaki mkavu na wa kushtukiza, maana ulaini wa kinanda ungeficha kuyumba kulekule ambako mpimaji alikuwa akikusubiri kutulie.

Kwenye ramani, rangi kati ya nukta na nukta hukisiwa na kompyuta, na hapo mpimaji huwa mkali. Mahali asipokanyaga hupaacha peupe, hata anayelipia kazi akitaka pajazwe.